Skii za Mbao na Kumbukumbu Zake: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Nimezaliwa na kukulia Moshi. Theluji nilikuwa naiona kila mawingu yalipofunguka, ila kuigusa niliigusa nikiwa na miaka 27, kwenye kituo cha basi huku Norwei, na siku hiyohiyo nikaanguka. Sasa naishi Drammen, si mbali na Oslo. Stoo yangu ina jozi 41 za skii za mbao, makopo ya nta ya kupaka skii ambayo nimeacha kuyahesabu, na sanduku la beji ambalo mke wangu amelipa jina lisiloandikika hapa. Maswali haya nimeulizwa harusini, kwenye simu na nje ya kanisa. Nimechoka kuyajibu moja moja.

Skii ni kitu gani hasa? Na kwa Kiswahili tuziite nini?

Ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zimekunjwa juu kwa mbele, unazifunga miguuni ili usizame kwenye theluji na uweze kuteleza. Wapo wanaosema "mbao za kutelezea". Si kosa, ila mimi nasema skii tu, nikijua kwamba neno lenyewe linatokana na Kinorwei cha kale, *skíð*, yaani kipande cha mti kilichopasuliwa. Kwa hiyo hata wenyewe waliziita mbao.

Majina ya sehemu zake tumeyapata mwilini: ncha ni mbele, mkia ni nyuma, kiuno ni pale katikati panapopungua upana, tumbo ni upande unaogusa theluji. Ukiilaza skii sakafuni, katikati inanyanyuka kidogo; huo ndio upinde. Kinachoshika kiatu nakiita kifungio.

Kaka, kwa nini uhifadhi mbao za watu wengine?

Hili huulizwa na shemeji zangu, tena kwa sauti ya kunionea huruma.

Jozi ya kwanza niliipata kwa mzee wa ghorofa ya chini. Alikuwa anasafisha stoo yake, anapeleka vitu dampo, nami nikamsaidia kubeba. Nilipozishika zile skii mikono ikanuka moshi na utomvu, harufu ambayo haikuwa ngeni kwangu. Ilinikumbusha jiko la bibi. Nikamuuliza harufu ya nini. Mzee akaketi kwenye ngazi, na dampo hatukwenda tena siku ile.

Akanionyesha matundu ya skrubu. Seti ya kwanza ilikuwa yake, akiwa na miaka saba. Seti ya pili, sentimita mbili nyuma, ya dada yake aliyezirithi. Ya tatu ya mdogo wao, ambaye mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote. Watoto watatu, jozi moja, na baba yao akihamisha kifungio kila mara. Akasimulia Pasaka milimani: machungwa mkobani na Kvikk Lunsj, ile chokoleti iliyoanza kuuzwa mwaka 1937 ambayo mpaka leo Mnorwei hapandi mlima bila kuibeba. Alikataa nimlipe. Aliniomba jambo moja tu, nisizipake vanishi.

Niliandika maelezo yake kwenye kadi nikaifunga kwenye skii kwa uzi. Tangu hapo jozi isiyo na kadi naiona kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Kwa nini Norwei zimejaa kiasi hicho? Mbona zinauzwa bei ya soda?

Kwa sababu zilikufa kwa mkupuo. Mwaka 1974 mashindano ya dunia ya skii yalifanyika Falun, Uswidi. Msweden Thomas Magnusson alishinda kilomita 30 akiwa na skii za nyuzi za kioo (fiberglass), wakati Wanorwei wengi walikuwa bado na mbao zao. Ndani ya miaka michache karibu kila mtu alikuwa ametupia skii za mbao ghalani. Viwanda vidogo vilivyochonga mbao vikafungwa kimoja baada ya kingine. Vichache, kama Madshus na Åsnes, viligeukia vifaa vipya vikabaki.

Za watu zilizotupiwa ghalani mwaka 1975 ndizo zinazotoka leo, wenye nyumba wakifariki na wajukuu wakiuza. Ziko nyingi, na kitu kilicho kingi bei haipandi. Ukitaka utajiri, fuga kuku.

Nitajuaje umri wa skii?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapodanganyika.

Anza na mbao. Itazame kwa ubavu, upande wa mkia. Ikiwa ni kipande kimoja cha mti, huenda ni ya zamani sana, au ni ya mtoto tu, maana za watoto ziliendelea kuchongwa kipande kimoja kwa muda mrefu. Ukiona tabaka zilizogundishwa kama za keki ya harusi, hiyo ni ya miaka ya 1930 au baadaye. Tabaka zilifanya skii iwe nyepesi bila kukatika. Chapa ya Splitkein ndiyo utakayokutana nayo sana.

Kisha pitisha kidole ukingoni. Ukikuta vipande vifupi vya chuma vimekazwa kwa skrubu ndogondogo, ni skii ya miteremko mikali, na wazo hilo ni la Rudolf Lettner wa Salzburg, Austria, miaka ya 1920. Hesabu skrubu, siku zote kuna mbili au tatu zimepotea. Ukikuta badala yake ukanda wa mbao ngumu ya kahawia, hiyo ni lignostone, mbao iliyoshindiliwa kwa mashine, nayo iko kwenye skii nyingi za matembezi za Kinorwei.

Halafu kifungio. Za kale kabisa zilifungwa kwa vijiti vya miti vilivyosokotwa vikazunguka kisigino. Baadaye vikaja vyuma vya kubana vidole na mikanda ya ngozi. Mwaka 1927 Mnorwei Bror With alitengeneza kifungio kidogo chenye meno kinachobana ncha ya kiatu, akakiita Rottefella, yaani mtego wa panya. Ukikiona hutauliza kwa nini. Karibu na wakati huohuo Mswisi Guido Reuge akaleta kifungio cha waya unaozunguka kisigino, kiitwacho Kandahar. Familia yake ilikuwa inatengeneza visanduku vya muziki, na mimi nikilisikia springi lake likibana, *tak*, huwa naamini fundi alikuwa mtu wa saa na muziki.

Tahadhari: kifungio hakikuambii umri wa mbao. Vilibadilishwa ovyo. Tafuta matundu yaliyozibwa kwa vijiti. Hayo ndiyo yanasema ukweli.

Chuma kizima ni habari nyingine. Howard Head, mhandisi wa ndege wa Baltimore, Marekani, alivunja majaribio mengi mpaka mwaka 1950 akapata skii ya alumini yenye mbao katikati. Ni nyeusi, haina mapambo, na ilimfanya hata mtu asiyejua kukata kona aonekane anajua. Wakorofi waliziita za wadanganyifu.

Kuna mtu ananiuzia skii "za Sondre Norheim". Ninunue?

Usinunue. Norheim, mzaliwa wa Morgedal, Telemark, mwaka 1825, ndiye anayetajwa kuwa baba wa skii za kisasa, kwa kifungio chake kilichoshika kisigino na skii zenye kiuno. Alikuwa mtu maskini. Alihamia Marekani mwaka 1884 akafia huko North Dakota mwaka 1897. Mali aliyoacha ni kidogo mno, na kama ingekuwapo jozi yake isiyojulikana, haingekuwa inauzwa na jamaa mwenye gari la mizigo.

Morgedal hiyohiyo ilimtoa Olav Bjaaland, mmoja wa watano waliofika Ncha ya Kusini pamoja na Roald Amundsen tarehe 14 Desemba 1911. Aliporudi alichonga skii. Zile ziko kweli, ila nazo zidai karatasi. Na neno *slalom* ambalo dunia nzima inalitumia ni la lahaja ya watu hao wa Telemark: *sla* ni mteremko, *låm* ni alama ya njia.

Ukiacha skii zenyewe, watu wanakusanya nini?

Kila kitu. Fimbo za mwanzi zenye duara la ngozi chini. Viatu vya ngozi vya kufunga kamba mara mbili. Makopo ya nta, ambayo mimi nayapenda kuliko vyote: Swix ilianzishwa Uswidi mwaka 1946 na kuleta utaratibu wa rangi, kijani kwa baridi kali, buluu, kisha nyekundu theluji inapolainika. Muulize mzee yeyote wa hapa nta gani ya leo, atatoka nje, atanusa hewa, ataanza mhadhara.

Kuna sweta. Ile yenye mapambo mekundu, meupe na buluu inaitwa Marius, kwa jina la Marius Eriksen, rubani wa vita na mteleza skii, ndugu yake Stein Eriksen aliyeshinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Oslo mwaka 1952. Kila nyumba ina moja iliyofumwa na bibi fulani, kwa hiyo usilipe sana.

Kuna beji. Nazithamini zile za Birkebeinerrennet, mbio za skii kati ya Rena na Lillehammer zilizoanza mwaka 1932, mshiriki akiwa na mkoba wa kilo 3.5 mgongoni kukumbuka mashujaa waliombeba mtoto wa mfalme kuvuka milima mwaka 1206. Beji ile haikununuliwa, ilikimbiliwa. Pini za Olimpiki ya Lillehammer 1994, kwa upande mwingine, ziko kama njugu. Nina kilo mbili. Mwenye kuzitaka aje na mfuko.

Medali za mashindano ya kitaifa ya Norwei za mwaka 1941 mpaka 1945 usizitafute. Wanamichezo waligoma kushiriki wakati nchi ilipokaliwa na Wajerumani. Wengine walikutana msituni kimyakimya wakashindana bila ruhusa.

Marekani watu wananunua mpaka viti vya lifti za milimani wanavifanya bembea za bustani. Kiti cha kwanza cha aina hiyo duniani kilifungwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi wake James Curran aliiga mtambo uliokuwa unapakia mikungu ya ndizi melini. Mchaga kama mimi lazima nilitaje hilo.

Mabango ya zamani ya skii, nitatofautishaje halisi na nakala?

Chukua kioo cha kukuza. Bango la lithografia, yaani lililochapwa kwa jiwe, la miaka ya 1920 au 1930 lina rangi iliyotulia, chembechembe zake hazina mpangilio. Nakala ya kisasa ina vitone vilivyojipanga kama maua madogo. Pima pia. Mabango mengi ya Uswisi yalikuwa na kipimo kimoja, takriban sentimita 90 kwa 128. Likiwa dogo na linadai kuwa la Uswisi, uliza kwa nini. Karatasi ya miaka 90 ina mikunjo na kingo zilizochakaa. Mengi halisi yamebandikwa kwenye kitambaa ili yasipasuke, na hilo si kasoro.

Mimi mwenyewe nimepigwa. Nilinunua bango la "Chamonix", mji wa skii wa Ufaransa, kwa fedha ya likizo nzima kutoka kwa muuzaji mwenye tai na maneno matamu. Nyumbani nikatoa kioo: maua, maua, maua. Kioo kilikuwa mfukoni mwangu muda wote nikiwa pale. Bango liko chooni, kila nikiingia linanicheka.

Nizitunzeje skii za mbao?

Kwanza usifanye lolote kwa mwezi mmoja. Ziache mahali pakavu, pasipo joto la kupita kiasi, mbali na hita. Zifunge mbili pamoja, tumbo kwa tumbo, zikutane nchani na mkiani, uweke kipande cha mbao katikati ili upinde usife. Wazee walifanya hivyo kila mwisho wa msimu.

Ukiona unga mwembamba unaomwagika kwenye vitundu, ni wadudu. Zifunge kwenye plastiki uzitie kwenye friza wiki mbili. Huku unaweza kuziweka nje Januari, ila baridi ya Drammen siku hizi haiaminiki.

Usipige msasa juu. Jina la kiwanda, picha ya chapa, herufi za mwenye nazo zilizochomwa kwa chuma cha moto, hizo ndizo roho. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ngozi isafishe kwa sabuni ya ngozi, mafuta kidogo tu. Kutu ya kifungio iondoe taratibu kwa sufu ya chuma.

Tumbo la mbao tupu hupakwa lami ya msonobari. Siyo ile ya barabarani. Hii hupatikana kwa kuchoma mizizi na visiki vya msonobari taratibu. Fanya nje. Kwangua ya zamani, paka mpya kwa brashi, kisha pitisha moto wa gesi juu yake bila kusimama mahali pamoja. Lami itachemka kwa mapovu madogo na kuingia ndani. Ifute ikiwa ya moto kwa kitambaa cha pamba. Mbao inageuka rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, na kitongoji kizima kitajua unafanya nini. Vitambaa vilivyotumika usivirundike: vikiwa na lami na hasa mafuta ya kitani, vinaweza kujiwasha vyenyewe. Mimi navitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Kama tumbo lina plastiki au rangi ya kiwandani, lami hiyo haihusiki.

Naweza kuzitumia?

Za matembezi, kwenye njia tambarare, ndiyo, tena ni raha. Mbao ikiwa na lami nzuri inashika theluji bila kelele. Za miteremko zenye kifungio cha waya, hapana. Hazikuachii ukianguka, na mfupa wa mguu ndio unaolipa. Mnorwei Hjalmar Hvam, aliyehamia Oregon, alivunjika mguu mwaka 1937, na hospitalini akabuni kifungio kinachoachia chenyewe. Alikipatia hataza mwaka 1939. Kama mtu alihitaji kuvunjika ili atuletee kile, wewe usirudi nyuma.

Viatu vya plastiki vya miaka ya 1970 na 1980 ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Vinaonekana vizima, lakini plastiki huoza kimyakimya, unavikanyaga mara moja vinapasuka kama yai.

Ni kweli watu waliwahi kuteleza kwa skii Kilimanjaro?

Kweli. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii na kuteremka nazo kwenye barafu. Ile barafu ya kileleni inayozidi kupungua inaitwa Furtwängler kwa sababu ya huyo Walter. Nilikaa miaka yote hiyo chini ya mlima na sikuwahi kuambiwa. Nilikuja kulisoma huku ughaibuni. Na kwa kuwa mtatumiwa matangazo: atakayekuuzia skii "zilizoteremka Kibo" mwambie alete picha.

Na yule Mkenya?

Philip Boit. Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Bjørn Dæhlie wa Norwei, mshindi, alikuwa anamngoja kwenye mstari, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Huku Norwei nikisema natoka Afrika Mashariki, watu wa rika fulani huniuliza habari zake kabla ya kuniuliza habari zangu. Chochote cha Nagano chenye bendera ya Kenya nakitafuta. Bado sijapata hata pini.

Nikikuta skii inachomoza kwenye barafu mlimani?

Usiivute. Piga picha, weka alama ya mahali, toa taarifa kwa serikali ya mkoa. Kitu chochote cha kabla ya mwaka 1537 ni mali ya dola. Hili si la kufikirika: huko Digervarden, kwenye hifadhi ya Reinheimen, ilipatikana skii moja mwaka 2014, na mwaka 2021 barafu ilipopungua ikapatikana ya pili hatua chache tu kutoka hapo. Zina umri wa miaka 1,300 hivi. Ile ya pili ina urefu wa sentimita 187, bado ina kifungio cha vijiti vilivyosokotwa na ngozi, na imetengenezwa viraka. Mwenyewe aliitumia mpaka ikachakaa, akairekebisha, akaitumia tena.

Nianzie wapi bila kumaliza mshahara?

Hapa Norwei nenda kwenye *loppemarked*, soko la mitumba linaloandaliwa na bendi za shule, masika na vuli. Nenda saa za mwisho siku ya mwisho. Skii ni ndefu, hakuna anayetaka kuzirudisha stoo. Jumba la makumbusho la skii la Holmenkollen, Oslo, lililofunguliwa mwaka 1923, lipite kwanza ili jicho lizoee. Anza na jambo moja. Mimi nilianza na chapa zote, nikaishia kulala na skii uvunguni.

Nikimpata mzee mwenye skii zake, nimuulize nini?

Usianze na bei. Muulize nani alimfundisha, alianguka wapi, nani mwingine alizivaa, nta ya kwanza ilinunuliwa duka gani. Muulize kwa nini ziko ndefu vile: atanyoosha mkono juu kukuonyesha, maana zilipimwa mpaka kwenye kiganja. Mkono huo ukiinuka, nyamaza tu umsikilize. Andika siku hiyohiyo.

Unaweza kunipelekea jozi Tanzania?

Nimejaribu mara moja, jozi ya sentimita 205, na kaunta ya mizigo uwanja wa ndege walinitazama kana kwamba nimeleta jeneza. Ilifika. Mama ameitundika sebuleni Moshi, juu kabisa mchwa wasiifikie, na mgeni akiuliza ni nini hujibu ni mbao za mwanangu za huko kwenye baridi. Kadi bado imefungwa pale kwa uzi. Ameilaminisha.